Hatua za Mtu Mzito

Siku ya kwanza ardhi ilipomjibu Joëlle, alidhani ni kosa la waya. Na nani asingedhani hivyo? Mtu amesoma miaka mitano Bukavu, amepewa kituo chake mwenyewe cha kupima mitetemeko ya ardhi, kule mwisho wa Alunguli, ng'ambo ya mto ukitoka mjini Kindu. Kila Jumanne ya pili anavuka Lualaba kwa mtumbwi, begi la vifaa mgongoni, anapanda pikipiki mpaka njia inapoishia, anamalizia kwa miguu kati ya mashamba ya muhogo. Mtu wa namna hiyo hakimbilii kusema jini. Anasema waya.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujivunia mbele za watu. Kufuta vumbi kwenye mabamba ya sola, kupima betri, kufukuza panya waliopenda kutafuna nyaya, kisha kufungua kifuniko cha chuma, kushuka ngazi ndani ya shimo lenye kina cha mtu mmoja na nusu, na kuhakikisha mashine imekaa sawa juu ya saruji yake. Mashine ilikuwa na umbo la sufuria ndogo iliyofunikwa, nayo ilisikia kila kitu: tetemeko la Kivu, lori linalopita mbali, hata mbuzi wa jirani. Mwishoni, kama walimu walivyomfundisha, mhandisi hutoka nje, hufunga shimo, hukanyaga ardhi kwa nguvu mara tatu, kisha hutazama kioo cha kompyuta. Ikionekana miiba mitatu kwenye mstari, mashine ni nzima, unaweza kwenda zako.

Siku hiyo ilikuwa saa saba ya mchana, jua la utosini, hata kuku wamejificha. Joëlle akakanyaga mara tatu. Miiba mitatu ikatokea. Ameshainama kufunga begi, ikatokea mingine mitatu, midogo, iliyofuatana kwa nafasi ile ile aliyotumia yeye.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Tambwe, mlinzi wa kituo, alikuwa amelala kwenye kibanda chake hatua hamsini kutoka pale, kofia usoni. Kutoka pembeni mwa kifuniko ilipanda harufu ya wali wa mawese uliochacha.

Akabadilisha waya. Akakanyaga mara mbili, ardhi ikajibu mara mbili. Akakanyaga mara nne, ikajibu mara nne, na ya mwisho ilichelewa kidogo, kama mtu anayetania.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake tu. Mkulima angetimua mbio. Mhandisi aliandika kwenye daftari, "kelele zisizojulikana, zichunguzwe," akanyamaza, kwa sababu mhandisi hapendi kumpelekea mkubwa wake swali lisilo na jibu. Na tuseme ukweli wote: alinyamaza pia kwa sababu aliona ni jambo lake peke yake. Mumewe Destin alikuwa mume mwema, fundi wa kushona hodari pale Mikelenge, lakini ukimweleza habari za mitetemeko aliitikia "ehe, ehe" huku akipima suruali ya mtu. Kule shimoni kulikuwa na kitu kilichosikiliza mpaka mwisho. Joëlle akaanza kwenda kila Jumanne. Akawa anakaa juu ya kifuniko, anakula karanga zake, anasimulia ugomvi wa ofisini na mambo aliyokuwa hajamwambia hata mama yake. Akimaliza, chini yake kitu kile kilikuwa kinagonga mara moja, polepole.

Sasa, habari za mashine hiyo zilikuwa zinakwenda kwa setilaiti mpaka Goma, ambako mwenzake Kakule, kijana wa Butembo mpenda utani, alizikagua. Jumapili moja baada ya misa Kakule akapiga simu. Joëlle alikuwa anasonga bugali, akamwomba Destin aweke sauti ya nje.

"Ingénieur, unisamehe, leo ni siku ya Mungu," Kakule alisema. "Lakini yule mwenzako, umuambie akae mbali na mashini. Anaharibu data."

"Mwenzangu gani?"

"Yule munatembeaka naye. Mi naona hatua zenu hapa kwa kioo. Zako nyepesi, na zake za mwanaume muzito. Munatoka pamoja kwa shimo mpaka kwa njia, kila Jumanne." Akacheka. "Ukisimama, naye anasimama."

Mwiko ukamtoka Joëlle mkononi. Destin akakata simu polepole, akaiweka mezani kifudifudi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Destin alianza kukonda palepale, na bugali bado liko jikoni.

"Huyo muntu muzito njo nani?" aliuliza kwa sauti ya chini, maana ukuta wa jirani ulikuwa karibu.

"Hakuna muntu, Destin. Naapa."

"Usiape. Njo maana Jumanne zako zimekuwa mingi?"

"Ni kazi."

"Kazi." Akalitazama bugali kana kwamba nalo linajua siri. "Jumanne tunaenda wote. Nataka kumuona na macho yangu."

Wakaenda. Destin alizunguka kituo chote, akachungulia nyuma ya mabamba, akapekua mpaka muhogo. Akamuuliza Tambwe. "Mama anakuyaka peke yake," Tambwe alijibu. "Anazungumzaka peke yake pia, lakini hiyo si kosa." Destin akashuka shimoni, akakuta sufuria na nyaya. Alipopanda juu alikuwa na haya usoni, na mwanaume mwenye haya, akiwa ni mwema, mapenzi yake huzidi. Alicheka, akamkumbatia mkewe palepale juu ya kifuniko, akamnyanyua na kumzungusha kama siku ya arusi yao.

"Mi ni mujinga, chérie. Nimekuwa na wivu juu ya sufuria!"

Chini ya miguu yao chuma kikagonga mara moja, kwa nguvu. Destin alidhani ni jua linapasha kifuniko. Joëlle alijua sivyo, akaona aibu. Ilikuwa aibu ya mwanamke aliyefumaniwa, na aliyefumaniwa naye ni mume wake wa ndoa.

Siku tatu baadaye Destin alilalamika kwamba miguu ni baridi, kama amesimama kisimani. Halafu Joëlle akaanza kumkuta nyuma yake bila kumsikia akija. Alivaa makubazi yale yale yaliyokuwa yakipiga kelele sakafuni miaka minne, sasa yamekuwa bubu. Halafu mashine ya kushona ikamkataa: alikanyaga pedali, pedali isishuke. Miguu alikuwa nayo, ukiifinya anasikia, lakini ardhi ilikuwa haiipokei, na kila alipotaka kusimama wima aliyumba na kuanguka. Hospitalini walisema mifupa mizuri, damu nzuri, wakampa vitamini. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, kwa maneno mazuri. Kila asubuhi baridi ilikuwa imepanda kidogo. Ilipofika magotini Destin alilia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza, akasema anaogopa kufa.

Alasiri moja ya mvua Joëlle akaleta nyumbani kutoka ofisini mashine ndogo ya akiba ya kupima mitetemeko, akaiweka kwenye sakafu ya chumba, akaiunganisha na kompyuta.

"Tembea, chéri. Toka kwa mulango mpaka kwa kitanda. Ushike ukuta."

Destin akatembea, mikono yote ukutani, jasho likimtiririka, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, na Joëlle macho kwenye kioo akauona mstari umenyooka bila mwiba hata mmoja, ilhali hata matone ya mvua ya nje yalikuwa yanaonekana, na Destin akafika kitandani, akaketi, akasema "Tayari," na mstari haukuwa umesema neno; ndipo, Destin akiwa ameshaketi na chumba kimenyamaza, mwiba wa kwanza ukatokea, mrefu, upande wa mlangoni, kisha wa pili, kisha wa tatu, hatua nzito za mtu asiye na haraka, mtu aliye kwake, zikampita Destin aliyekuwa anatazama bila kuona kitu, zikaizunguka meza, na harufu ya wali uliochacha ikajaa mpaka Destin akaziba pua, na hatua zikaja kusimama nyuma ya kiti cha Joëlle, pale pale mume anaposimama akitaka kumshika mkewe mabega.

"Umeona nini?" Destin alinong'ona.

"Usiseme," Joëlle alijibu bila kugeuka. "Usiniite chérie tena. Usiniguse. Tafazali, Destin, usiniguse."

Kesho yake alivuka mto mapema, akamkamata Tambwe kabla hajaweka kofia usoni. Akamuuliza pale palikuwa na nini zamani.

Tambwe akaiweka kofia magotini. "Ile shimo si ninyi mulichimba, mama," alisema. "Wakubwa wenu waliikuta iko tayari, wakafurahi, wakasema kazi imepunguka. Hawakuuliza muntu. Na mi nilitaka kazi, nikanyamaza."

Shimo lilichimbwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Waasi walikuwa ndani ya mji, wanamgambo wa mai-mai msituni, na mwanaume wa Kindu alikuwa mshukiwa wa pande zote mbili. Abdallah, mchuuzi wa mchele, alitafutwa na hawa na wale. Akachimba shimo shambani kwake, akalifunika mbao na udongo, akaingia. Alikaa mle miezi minne. Mkewe alimletea wali, na alama yao ilikuwa moja: alikanyaga juu ya mbao mara tatu.

"Siku moja bibi akaacha kukuya," Tambwe alisema. "Juu ya nini, sijue. Tulimukuta Abdallah vita imeisha."

Aliyemzika Abdallah alikuwa Shehe Abedi wa Alunguli, na kwake ndiko Tambwe alikompeleka Joëlle. Joëlle ni Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara, lakini katika Maniema, daktari akishindwa, mtu haulizi msikiti uko upande gani wa njia. Shehe alimsikiliza, tasbihi mkononi, mpaka mwisho.

"Abdallah nilimuzikaka mimi mwenyewe," alisema. "Amelala. Mufu hana wivu, mwanangu. Yenye iko mule ni jini. Ilikuwaka ndani ya udongo zamani, haijue bwana, haijue bibi. Njo vita ikailetea muntu. Wakakaa wawili katika giza miezi ine. Jini ikamusikia vile anasikiliza hatua juu ya kichwa chake, vile anajiuliza: leo amechelewa juu ya nini? Ametembea na nani? Ile wivu jini ikajifunza. Haijifunzaka kitu kingine."

"Na mimi nimeifanyia nini?"

"Ulikanyaga mara tatu. Ikasema, bibi amerudi."

Joëlle akauliza habari ya Destin. Shehe aliacha kuzungusha tasbihi. "Inamunyanganya ardhi, polepole. Ikifika kwa moyo, ardhi itamukataa kabisa. Muntu wa vile, hata kaburi haimupokei." Kisha akaeleza dawa, nayo ilikuwa moja tu. Mke mwenyewe wa Abdallah, Aïcha, alikuwa hai, anaishi peke yake hapo hapo Alunguli. Ilibidi aje shimoni, akanyage, ajitaje jina, na aiambie jini iende zake. Yeye shehe atasoma.

Aïcha alikataa siku mbili. Ya tatu, Ijumaa baada ya sala, akaja. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, anatembelea fimbo, na tangu vita alikuwa hajaikanyaga njia ile. Alipofika shimoni hakumsalimu Joëlle kama ilivyo desturi. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Inakugongeaka?"

"Ndiyo, mama. Mara moja. Nikimaliza kuzungumuza."

Mama akaegemea fimbo yake. "Mimi hakunigongeaka hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nasimama hapa juu na sahani, nasema naye. Kimya."

Shehe akaanza kusoma. Aïcha akakanyaga, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na fimbo ikamsaidia. Kwenye kioo cha Joëlle miiba mitatu. Halafu ardhi ikatulia, kwa namna ambayo mashine ile ilikuwa haijaonyesha tangu inunuliwe. Hata mbuzi hakuonekana.

"Abdallah," mama alisema. "Ni mimi Aïcha. Sikukamatwa. Sikuuawa. Uliniambiaka mimi peke yangu njo najua shimo. Siku ile nilikuta alama ya miguu ya bibi yako mudogo hapa kando. Nikasema, kumbe! Basi, akulishe yeye. Na yeye alikuwa ameona miguu yangu, akasema vile vile. Siku kumi na ine, kila muntu kwake, anasema yule mwingine amepeleka. Tulijua siku tulikutana kwa kilio chako. Tuliangaliana tu." Akakiinamia kifuniko. "Nilikuwa na wali, Abdallah. Niliupika kila siku. Niliula mwenyewe."

Kifuniko kikagonga. Tambwe akarudi nyuma, akataja jina la Mungu. Shehe akapandisha sauti, akamwonyesha mama kwa kidole: sasa, sema iende.

Aïcha akafuta macho kwa ushungi wake. Alipoushusha, uso wake ulikuwa na kitu ambacho Joëlle alikitambua kabla hajakielewa.

"Mke mwenzangu alikufa mwaka jana," mama aliliambia shimo, kwa sauti laini ya ndani ya nyumba. "Nimebaki mimi. Hakuna mwingine tena. Kuya."

"Mama, hapana!" Shehe alipiga kelele. "Sema iende! Hii si Abdallah!"

"Najua si Abdallah," alijibu bila kumtazama. "Lakini inaningoja mimi."

Harufu ya wali ikawapita usoni, nzito kiasi kwamba Tambwe alitapika kwenye muhogo. Majani makavu yakavunjika njiani, moja baada ya jingine, na hakuna mguu uliokuwa juu yake. Aïcha alikuwa ameshageuka, anakwenda zake na fimbo yake, mgongo umenyooka kuliko alivyokuja. Kwenye kioo Joëlle aliona hatua nyepesi, alama ndogo ya fimbo, na kando yake zile nzito, zikipungua kadiri walivyokwenda mbali. Shehe aliendelea kusoma mpaka sauti ikamkauka.

Jioni, Joëlle alipokaribia nyumbani kwao Mikelenge, alisikia mashine ya kushona kutoka barabarani. Destin alikuwa anakanyaga pedali kama kichaa, anashona kitambaa kisicho cha mtu yeyote, anacheka na kulia. Akaruka, akakimbia kumpokea mlangoni, na makubazi yake yakapiga kelele sakafu nzima. Joëlle alimkumbatia. Alishukuru Mungu kwa moyo wote, na hilo lisitiliwe shaka.

Ulipopita mwezi, aliona ni vibaya kunyamaza bila kwenda kumshukuru yule mama. Akanunua sukari kilo mbili na sabuni, akavuka mto. Njiani aliamua kuvaa hereni. Hakujiuliza kwa nini.

Aïcha alifungua mlango nusu. Alikuwa amesuka nywele, wanja machoni, kikwembe kipya kiunoni, na fimbo hakuwa nayo. Alunguli hata mtoza kodi huletewa kiti, Joëlle hakukaribishwa. Nyuma ya mama, kwenye sakafu ya udongo, hatua za mtu mzito zikaja polepole, zikasimama.

"Umekuja kunisalimia mimi," mama aliuliza, "ao umekuja kumuona?"

Joëlle alikuwa na maneno yake ya shukrani tayari. Aliyapanga tangu mtumbwini. Akafungua kinywa ayatoe. Akatazama wanja wa yule mama, kikwembe chake, mkono wake wa kizee ulioziba mlango, akamchukia kwa chuki safi ambayo hakuwa ameijua maishani mwake.

"Mama," akasema, "njo mimi nilimuamusha."

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia. Joëlle alibaki amesimama pale uani na sukari yake, sikio karibu na ubao, akisikiliza ndani. Simu ikaita kwenye begi. Ilikuwa Destin, anauliza kama atarudi kula. Hakuipokea.